Kupiga Windo

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi neno "windo" nimelifundisha kwa maana moja tu: mnyama anayewindwa. Windo, mawindo, ngeli ya LI-YA, tunasonga mbele. Kisha kompyuta zikajaa Kigoma na mafundi wa Mwanga wakalichukua neno langu, wakalihamishia ngeli ya I-ZI. Sasa windo ni ile Windows ya kwenye kompyuta, na haiwekwi wala haisimikwi. Inapigwa. Kompyuta ikiwa nzito, piga windo. Ikigoma kuwaka, piga windo. Mtoto akiimwagia chai, kausha, kisha piga windo. Ukiwauliza wanapiga nini hasa watakucheka, maana kwao windo ndiyo roho ya kompyuta na hakuna roho nyingine.

Aliyenipigia mimi windo ana duka pale Mwanga, hatua chache kutoka sokoni, katikati ya mshona mapazia na muuza ndoo. Mtu wa makamo, miwani ya jua juu ya kipara hata mvua ikinyesha. Kila mtu humwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo ingawa linanikwama kooni. Baba yangu naye alikuwa fundi. Alishona kwa cherehani Ujiji tangu ujana wake mpaka macho yalipomgomea, na sikuwahi kumwona akitia mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla ya kumuuliza mara mbili. Mteja alikuwa anachoka kuulizwa.

Wakati huo nilikuwa nasoma shahada kwa masafa, mtu mzima mwenye mvi tayari, nikiandika utafiti juu ya maneno ya wanawake wanaoanika dagaa pale Kibirizi. Wana jina la dagaa aliyekaukia mchangani, jina la aliyekaukia kwenye kichanja, jina la aliyepigwa na mvua akaanikwa tena, na jina la yule anayechanganywa katikati ya gunia ili mnunuzi asimwone. Miaka mitatu ya Jumamosi zangu ilikuwa humo. Nilikuwa narudi nyumbani nikinuka dagaa mpaka kwenye ushungi, wanangu wananikimbia, na baba peke yake ndiye aliyeketi nami kuuliza leo nimepata maneno mangapi. Aliyasikiliza yote, akicheka kwenye yale ya matusi. Alikuwa ameshajishonea kanzu ya kuvaa siku ya mahafali yangu, macho yale yale mabovu, akipapasa mshono kwa kidole gumba. Ilikunjwa, ikawekwa sandukuni.

Laptop yangu ikaanza kuwa nzito. Nikaipeleka kwa Fundi Jumamosi moja asubuhi, nikamwambia, "Fundi, imekuwa nzito, hebu iangalie." Hilo ndilo neno nililotumia, iangalie. Nikaenda sokoni kununua mawese na vitunguu. Niliporudi alikuwa anakula muhogo wa kukaanga.

"Tayari, Mwalimu," akasema. "Nimekupigia windo mpya. Sasa hivi inakimbia, we acha tu."

Nikaifungua. Inakimbia kweli, maana haikuwa na mzigo wowote. Picha safi ya milima, kikapu cha takataka pembeni, basi. Nikatafuta folda yangu. Nikatafuta tena. Nikamuuliza, "Kazi yangu iko wapi?"

"Kazi gani?"

"Iliyokuwa humu!"

Akafuta mafuta kwenye vidole, akainama kuangalia bila haraka. "Aa, Mwalimu, ungesema kama una kitu cha maana humo. Mimi nikiona imechoka napiga windo. Elfu ishirini."

Na nikalipa! Hilo mpaka leo linanichoma kuliko mengine. Nilisimama pale akili imeruka, nikafungua pochi, nikamhesabia, na nadhani nilisema asante. Nakala niliyokuwa nayo kwenye flash ilikuwa nusu ya sura ya kwanza. Madaftari ya mwaka wa kwanza yalikuwepo, mengine nilishayachana kuwashia mkaa kwa kuwa nilishayachapa. Nikaomba chuo wanisogezee mwaka mmoja. Nikarudi Kibirizi kuuliza upya maneno yale yale kwa wanawake wale wale, na wawili walikuwa wameshahama.

Baba alifariki kabla mwaka ule haujaisha. Alipozidiwa aliniuliza mahafali ni lini, nikamwambia yamekaribia. Yalikuwa bado miezi saba. Siku nilipovaa joho kiti chake alikikalia mtu nisiyemjua, na kanzu ile ilikuwa bado iko sandukuni na harufu yake ya kitambaa kipya. Watu wakanipigia vigelegele. Mimi moyoni nilikuwa namtazama mtu mmoja mwenye miwani juu ya kipara, na nikaapa kwamba nitamlipa. Sikusema kwa sauti. Nilimweka kiporo.

Kisasi changu kilianzia Kidahwe, kwenye barabara ya Kasulu, kwa bwana mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu na kutengeneza redio. Alikuja kutoka Burundi akiwa mdogo, akakulia kambi ya wakimbizi, akaoa Kidahwe. Kambini walikuwa na kompyuta kuukuu ambazo hakuna fundi aliyezitaka, akajifunza kuziwasha kwa mfumo wa bure unaoitwa Linux. Nilimfikia kwa bahati tu, simu yangu ilikuwa imezima njiani. Nikamsimulia yaliyonikuta, naye akatikisa kichwa kwa uchungu, mtu aliyenijua kwa dakika kumi.

"Huyo si fundi, Mwalimu," akasema. "Mtu haombi umwangalie mguu ukaukata."

"Na huu wako ni bei gani?"

"Ni ubusa."

Ubusa, neno lao, na mama yangu kwa Kiha chake alikuwa akilitumia pia: kitu ambacho hukukitolea chochote. Nikamwambia mjini hawataukubali. Kwetu kitu cha bure ni cha bure kweli, hata mdomo wa msemaji unajua. Nimekwenda bure, nimesoma bure, mtu bure kabisa. Ukimwambia mkuu wa shule kwamba mfumo huu ni wa bure ameshakuona wewe ndiye wa bure.

Akacheka, lakini alinifundisha. Mwezi mzima nilikwenda kwake kila Jumapili. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu nilifungua daftari nikapima, si kwa hasira, kwa haki. Hasira niliiacha mlangoni, nikijua nitaikuta wakati wa kutoka.

Windo halali, ile ya kununua kwa mwenyewe, sina ugomvi nayo. Ni kitu kizuri na kila mtu anaijua. Lakini bei yake kwa mashine moja inakaribia bei ya mashine yenyewe kama umenunua iliyotumika, na shule yetu inanunua chaki kwa kujikuna kichwa. Kwa hiyo mjini kwetu hakuna anayesema windo akamaanisha halali. Anamaanisha ya kukraki, ya wizi iliyovunjwa kufuli, ile ya Fundi. Ni rahisi, na ukiipima kwa siku moja inashinda. Ila kumbe ili kraki ikubali, lazima kwanza umzime mlinzi wa mashine, yule anayekamata virusi. Hili sikulijua! Ni kumfukuza mlinzi wa nyumba ili fundi aje kufunga mlango. Ndiyo maana ikishapigwa, baada ya wiki folda zote zinageuka shotikati, njia za mkato zisizofika popote, flash ya mmoja inaambukiza ofisi nzima, na mnarudi kwa Fundi. Anapiga tena. Mnalipa tena. Linux haikugharimu kitu mfukoni, ila ilinigharimu Jumapili nne na aibu ya kujifunza ukubwani, na ilikuwa na dosari moja ambayo nitaisema hapo mbele, maana niliijua.

Wakati huo huo wanafunzi waliomaliza zamani wakaipa shule yetu kompyuta kumi na mbili. Bodi ikakaa, nikiwa sipo, ikaandika kwenye muhtasari: "Kompyuta zipigwe windo na fundi atafutwe." Akatafutwa nani? Yeye. Mtume! Niliposikia nilienda chooni nikafunga mlango nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikaenda kwa Mkuu wetu, mama makini asiyependa makelele, nikamwambia fedha za kumlipa Fundi zinaweza kununua vitabu, nikaomba niruhusiwe kuleta njia nyingine mbele ya bodi. Akaniangalia sana.

"Una ugomvi na huyu fundi?"

"Mimi? Hata kidogo."

Siku ya kikao, saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye chumba cha kompyuta. Wajumbe watano, Mkuu, katibu muhtasi wa shule aliyekuwa akiandika kikao, mimi, na Fundi na begi lake. Mwenyekiti wa bodi ni mzee wa Ujiji, msomaji mzuri wa kila karatasi asiyegusa kitufe chochote. Nikamwamkia shikamoo, nikamgeukia Fundi nikamsalimu kwa upole wote nilionao. Akaitikia kwa furaha. Hakunitambua hata kidogo, na nikafikiri anajifanya.

Mashine moja alishaipiga windo yake. Nyingine niliiwekea Linux jana yake. Akaanza yeye kusema, na kwa kweli anajua kusema.

"Waheshimiwa, sitaki kumvunjia Mwalimu heshima. Huo mfumo wake ni wa bure. Nani hapa anakula bure asiumwe tumbo?" Wakacheka. "Halafu muhtasari wenu wenyewe unasema windo. Hii yake si windo."

Mwenyekiti akauvuta muhtasari, akausogeza mbali na macho, akausoma. "Ni kweli. Imeandikwa windo." Na mzee yule kwa karatasi humtoi. Nikaona kabisa kazi inaniponyoka kwa neno moja, tena neno langu.

Nikasimama. "Mzee mwenyekiti, naomba kuuliza. Mlipoandika windo mlikusudia nini?"

Akawaangalia wenzake. Mjumbe mmoja, mama anayeuza mawese kwa jumla, akajibu, "Si ile kitu inayofanya kompyuta iwake, ukaandika, ukatoa karatasi?"

"Kuna aliyekusudia kitu kingine?"

Hakuna. Nikaiwasha yangu. Ikawaka. Nikaandika "Bodi ya Shule", nikaitoa kwenye karatasi, nikampelekea mzee mkononi. Akaishika juu na chini. "Basi hii nayo windo," akasema, na katibu akaandika hivyo hivyo kwenye muhtasari.

Nilingoja siku hiyo kwa muda mrefu, kwa hiyo sikuishia hapo. Nikamwomba katibu muhtasi wa shule flash yake, ile anayozunguka nayo steshenari zote za Mwanga, ninaijua ilivyooza. "Fundi," nikasema, "tuichomeke kwako kwanza." Angeweza kukataa. Lakini watu watano wanamtazama, atasema nini? Akaichomeka. Folda zote shotikati, kila moja ina kimshale chake pembeni, ukibonyeza inafungua kidirisha cheusi kinapotea. Akachomeka flash yake mwenyewe aonyeshe kwamba ni ile tu mbovu. Nayo ikageuka pale pale. Mama wa mawese akapiga kofi pajani, "Hee! Imeambukiza!"

Nikaichukua ile ya kwanza nikaichomeka kwangu. Folda za katibu zikajipanga zote, na pembeni yake kile kirusi kimekaa tu, jina lake linaonekana, hakina la kufanya. Nikakifuta kwa kidole kimoja. Halafu nikawaeleza habari ya mlinzi anayefukuzwa. Nilieleza taratibu, kwa sauti ya darasani, nikirudia palipohitaji kurudiwa. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye kipara mpaka miwani ikateleza, na mimi nilikuwa naliangalia lile jasho na roho yangu inapoa. Yaani nilifurahi. Wanaosema kisasi hakina raha sijui walilipiza kwa nani.

Bodi ikapitisha. Ufunguo wa chumba nikakabidhiwa mimi. Fundi alikuwa anakunja nyaya zake, wengine wameshatoka kunywa chai, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hila ninayoweza kuisema, "Mwalimu, lile jedwali la matokeo umelijaribu humo?"

"Nimelijaribu," nikamjibu.

Nililijaribu kweli. Hiyo ndiyo ile dosari. Kila mwisho wa muhula shule zinajaza alama kwenye jedwali moja lenye vitufe, unabonyeza linajumlisha na kupanga madaraja. Kwenye Linux lilifunguka vizuri, lakini vitufe vilikufa vyote. Nililijua tangu wiki ya kabla ya kikao. Nikanyamaza, maana ningelisema angepewa yeye walau mashine moja, na mimi sikutaka apate hata kipanya. Kwa kiburi hicho hicho nikaibadili na mashine ya katibu muhtasi kuwa Linux, shule isibaki na windo ya Fundi hata moja.

Muhula ukaisha, jedwali likaja, Mkuu akataka lirudi Ijumaa. Nilikesha? Hapana, sikukesha, niliomba vipindi vyangu vishikwe nikakaa siku mbili nikijumlisha kwa kikokotozi alama za shule nzima, na nilipomaliza likakataa kupokelewa kwa kuwa kitufe cha mwisho hakijabonyezwa. Mkuu akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda kwa yule fundi. Yeye analijua."

Sijawahi kwenda Mwanga kwa miguu mizito namna ile. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli zake zote, nimepanga na majibu. Yeye alinivutia kigoda. Akaichukua flash yangu, akalifungua jedwali, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Likakubali. Kazi ya dakika tano. Nikafungua pochi, akaikataa kwa mkono.

"Mwalimu, nikuulize kitu. Kwani mimi nilikukosea nini? Siku ile ulikuwa unanitazama kama nimekuulia mtu."

Nikamwambia. Yote, pale pale, watu wanapita. Dagaa, miaka mitatu, windo mpya inakimbia, elfu ishirini, mwaka uliosogezwa, baba anauliza mahafali ni lini, kanzu sandukuni. Sauti ilinipanda, mshona mapazia akasimamisha cherehani. Fundi alinisikiliza ameivua miwani, ameishika magotini. Nikamaliza. Nikangoja aseme.

"Pole sana kwa msiba," akasema. Akafikiri, akakunja uso, nikaona anatafuta kweli. "Hiyo laptop ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyeusi."

"Nyeusi." Akatikisa kichwa. "Nyeusi napiga nyingi sana, Mwalimu. Sikumbuki."

Hakuwa anadanganya. Ningeweza kuvumilia kejeli, ningeweza kuvumilia hata akikana. Muda wote ule nilikuwa nimemtengeneza kichwani kuwa adui, mtu anayenijua na anayejua alichonitenda. Kumbe hata siku ile ya jasho hakujua analipia nini. Alidhani ni biashara tu imeharibika. Nikachukua flash yangu nikaondoka bila kuaga.

Watu niliowasimulia wananiambia basi, yamekwisha, kakusaidia, msamehe. Sijamsamehe. Jumatatu yake nilimpigia simu mwalimu mwenzangu wa Kalinzi, shule yao ina kompyuta nane na anayewapigia windo ni Fundi huyo huyo. Nikamwambia nakuja na flash yangu ya Linux, na safari hii nikamweleza habari ya jedwali wazi, waache mashine moja kwa ajili hiyo, ya halali, wachangishane. Baada ya hapo ipo zahanati, wapo wenye steshenari mbili, upo msikiti wenye kompyuta ya ofisi, wote wateja wa Fundi. Kila ninapokwenda najitaja jina, nataja na baba alikuwa nani, na kwa nini nimekuja, nawaomba wamfikishie habari hiyo, ajue safari hii analipia nini. Wiki iliyopita mmoja wao aliniambia amemfikishia.